ZIWA LIMEFUNGWA, KAZI IMESIMAMA: JE, HIYO NI LIKIZO?



Kila mwaka, tarehe 1 Desemba, ziwa Mweru upande wa Zambia linafungwa. Nyavu zinatolewa majini, mitumbwi inapandishwa ufukweni, na pale Kashikishi bandari inakuwa kimya. Linafunguliwa tena Februari ikiisha. Katika miezi hiyo mitatu wengi wetu wanaopata riziki kutokana na samaki wanasikia neno moja kutoka kwa bosi: "Nenda likizo, tutaonana Machi."

Neno hili ni fupi lakini lina mambo mengi ndani yake. Je, hiyo likizo ina mshahara? Ni siku za nani zinazokatwa? Na baada ya siku hizo kuisha, familia inakula nini? Mwezi huu tumeona tulizungumze jambo hili polepole, ili kila mmoja ajue anachoweza kuuliza kabla ya Desemba kufika.

KWA NINI ZIWA LINAFUNGWA

Tuanze hapo, maana kuna watu wanafikiri ni serikali tu inataka kutesa wavuvi. Sivyo. Miezi ya mvua ndiyo wakati samaki wengi wanazaa. Ukivua mama mwenye mayai, umevua na watoto wake wa mwaka ujao.

Wazee wa Luapula wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Zamani mto Luapula ulikuwa na samaki anayeitwa mpumbu, mkubwa na mtamu, na mayai yake yalipendwa sana. Wakati wa mvua mpumbu walipanda mto kwa makundi kwenda kuzaa, na watu waliwasubiri njiani na nyavu. Kufikia miaka ya 1950 biashara ya mpumbu ilikuwa imeanguka. Samaki waliobaki ni wachache tu, na hawakurudi tena kama zamani.

Kwa hiyo kufunga ni jambo la maana, na ni sheria. Kinachotuhusu leo ni hiki: ziwa likipumzika, mfanyakazi naye amepumzishwa kwa masharti gani?

NANI ANAGUSWA

Si mvuvi peke yake. Kuna mlinzi wa ghala la samaki, kijana wa kuuza barafu, mama anayefagia na kufua kwenye nyumba ya wageni, mtu wa kupakia magari ya Copperbelt, karani wa duka la nyavu, mpishi wa mgahawa wa bandarini. Samaki wakikosekana, wote hawa wanaambiwa kazi imepungua.

Lakini hawa wote hawako katika hali moja mbele ya sheria. Tuwagawe katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni wenye mshahara wa mwezi na kazi inayoendelea. Hata kama mkataba ni wa mdomo tu, ni mkataba. Sheria ya ajira ya Zambia inamtaka mwajiri aweke kumbukumbu ya maandishi hata ya mkataba wa mdomo.

Kundi la pili ni vibarua wa siku, wale wanaolipwa jioni na kesho wanaanza upya. Sheria inawatoa hawa, pamoja na wafanyakazi wa muda, katika likizo ya mwaka. Ni vigumu kusikia lakini ni vizuri kujua.

Kundi la tatu ni wale wanaoingia ziwani kwa mgawo: samaki wakipatikana, mwenye nyavu anachukua sehemu yake na wao wanachukua yao. Hapa mara nyingi hakuna mshahara wala siku za likizo zinazohesabiwa. Ulinzi wao uko katika yale waliyopatana mwanzoni. Kwa hiyo mapatano ya kundi hili yafanyike mapema na mbele ya shahidi, na mwezi wa Novemba si mapema.

SHERIA INASEMAJE

Zambia ina sheria inayoitwa Employment Code Act, Na. 3 ya mwaka 2019. Inamhusu kila mwajiri wa kawaida, awe Mzambia, Mkongo mwenye duka, au mgeni mwingine. Ndani yake kuna mambo mawili yanayofanana jina lakini ni tofauti kabisa.

La kwanza ni LIKIZO YA MWAKA, ile sisi wa Kongo tunaita konje. Kifungu cha 36 kinasema mfanyakazi aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo kwa mwajiri mmoja anapata likizo kwa kiwango kisichopungua siku 2 kwa kila mwezi. Kwa mwaka ni siku 24. Katika siku hizo analipwa mshahara wake kamili. Sikukuu za taifa na siku ya mapumziko ya juma hazihesabiwi ndani yake. Kama Jumapili ni siku yako ya kupumzika, bosi asiihesabu kama siku ya konje. Krismasi na Mwaka Mpya vilevile.

La pili ni LIKIZO YA KULAZIMISHWA. Hii ni pale mwajiri mwenyewe anapoamua kumwambia mfanyakazi akae nyumbani. Kifungu cha 48 kinasema mwajiri akifanya hivyo, atamlipa mfanyakazi mshahara wa msingi kwa muda wote wa likizo hiyo. Mshahara wa msingi ni ule wenyewe, bila kuongeza posho.

Basi angalieni tofauti. Likizo ya mwaka inalipwa kamili, lakini inakula siku zako. Likizo ya kulazimishwa inalipwa mshahara wa msingi, na siku zako za mwaka zinabaki palepale. Kila jina lina bei yake. Ndiyo maana bosi akisema tu "nenda likizo", usiitikie ndiyo halafu ukaondoka. Muulize ni likizo ipi.

SIKU 24 HAZIMEZI SIKU 90

Sasa tupige hesabu, hata mtoto wa darasa la tano anaweza kutusaidia.

Desemba ina siku 31, Januari 31, Februari 28. Jumla ni siku 90, na mwaka mrefu ni 91. Tuondoe Jumapili 13 hivi, tuondoe Krismasi na Mwaka Mpya. Zinabaki kama siku 75 za kazi kwa mtu anayefanya kazi siku sita kwa juma.

Mfanyakazi ana siku 24 tu za konje kwa mwaka, na hapo ni kama hakutumia hata moja kwa msiba au kwa safari. Tukitoa 24 katika 75, zinabaki siku 51 ambazo konje haiwezi kuzifunika. Kwa maneno mengine, konje yake inaisha siku chache tu baada ya Krismasi.

Kwa hiyo bosi anayesema "miezi yote mitatu ni likizo yako ya mwaka" amekosea hesabu. Na anayesema "ni likizo lakini haina mshahara" hajataja likizo ya mwaka, maana hiyo ni ya malipo. Hajataja likizo ya kulazimishwa pia, maana nayo ina malipo. Huyo anamwambia mfanyakazi akae nyumbani kwa gharama ya watoto wake.

Je, mtu ambaye hajafikisha mwaka? Tuseme mama mmoja ameanza kazi Aprili kwenye nyumba ya wageni na Desemba wageni wamekosekana. Miezi 12 yake haijatimia, kwa hiyo konje yake haijaiva. Huyu akiambiwa akae nyumbani kwa uamuzi wa bosi, swali lake linakuwa la kifungu cha 48, la mshahara wa msingi.

TUKITAZAMA FEDHA YENYEWE

Kuna wakati kazi inaisha kabisa na mfanyakazi bado ana siku za konje hajazitumia. Siku hizo hazipotei, zinageuka kuwa fedha. Hesabu iliyowekwa na sheria ni hii: chukua mshahara kamili wa mwezi, zidisha kwa siku zilizobaki, kisha gawa kwa 26.

Tuseme mlinzi analipwa kwacha 2,600 kwa mwezi na ana siku 24 za konje ambazo hakuchukua. 2,600 mara 24 ni 62,400. Gawa kwa 26, unapata kwacha 2,400. Hiyo ni fedha yake ya jasho, bosi hajamsaidia kitu. Kwa familia ya watu sita mwezi wa Januari, wakati unga wa muhogo umepanda na watoto wanataka daftari na viatu vya shule, kwacha 2,400 si kitu cha kuacha mezani kwa aibu ya kuuliza.

Na kama bosi anafunga biashara moja kwa moja, hatarudi Machi? Hiyo tena si likizo ya aina yoyote. Hapo kuna utaratibu wa kupunguza wafanyakazi: taarifa ya siku zisizopungua 30, na malipo kwa kila mwaka uliotumika, ingawa baadhi ya mikataba ya muda mfupi haimo. Mtu akiambiwa "nenda likizo" na baadaye akakuta mlango umefungwa kwa kufuli jipya, aende kuuliza mapema.

UNAPUMZIKA AU UNAFANYA KAZI?

Kuna jambo lingine tunalisikia sana. Mtu anaambiwa yuko likizo, halafu kila siku ya pili anaitwa: njoo ushone nyavu, njoo upake mtumbwi lami, njoo ulale ghalani usiku wezi wasiingie. Ndugu, kushona nyavu ni kazi. Kulinda ghala ni kazi. Aliye likizo amepumzika, na aliyeitwa kazini analipwa kama wa kazini, wala siku hiyo isikatwe kwenye konje yake.

Na hili la hatari zaidi. Bosi akikutuma uingie ziwani usiku wakati limefungwa, usiende. Ukikamatwa, nyavu zitachukuliwa na wewe ndiye utakayesimama mbele ya mahakama. Bosi atakuwa amelala nyumbani. Kwa mkimbizi shida inakuwa mara mbili, maana utaulizwa pia karatasi zako. Kisingizio cha "upande wa Kongo wenzetu wanavua" hakitakusaidia ukiwa upande huu wa mpaka.

HUKO KWINGINE WANAFANYAJE

Baadhi yetu wanafikiria kurudi nyumbani, na wengine wana ndugu waliopelekwa nchi za mbali. Ni vizuri kujua kwamba swali hili liko kila mahali.

Kongo, sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mtu mzima konje isiyopungua siku 1 ya kazi kwa kila mwezi mzima, na siku moja inaongezwa kwa kila miaka mitano ya kazi kwa mwajiri yuleyule. Kwa hiyo Pweto au Moba mfanyakazi anaanza na nusu ya siku anazopata mwenzake wa Nchelenge.

Tanzania, sheria ya mwaka 2004 inatoa siku 28 mfululizo kwa mwaka. Sheria hiyo inasema wazi kwamba mwajiri anaweza kuamua lini likizo ichukuliwe, lakini si zaidi ya miezi sita baada ya mwaka wa likizo kuisha, isipokuwa mfanyakazi amekubali kusogeza na kazi yenyewe inadai hivyo. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inatoa siku 21 za kazi zenye mshahara kamili.

Uingereza, bosi anaweza kufunga na kumlazimisha mfanyakazi atumie likizo yake, ila ampe taarifa mara mbili ya siku za likizo. Akitaka kufunga siku 7, aseme siku 14 kabla. Australia, tangu tarehe 1 Mei 2023, kazi nyingi zinataka taarifa ya maandishi ya siku 28 kabla ya kufunga. Na kama mfanyakazi hana siku za kutosha, halazimishwi kukaa bila malipo, mpaka yeye mwenyewe akubali kwa maandishi. Kumbe Marekani, ambako watu wanadhani kila kitu kiko, sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri binafsi kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Shemeji yako aliyeko huko akisema hana konje, usifikiri anadanganya.

Sehemu nyingi tulizozitaja zinakubaliana katika jambo moja: mwajiri ana sauti katika kuchagua wakati wa likizo. Kufunga ziwa kunajulikana mwaka mzima, kwa hiyo bosi akipanga konje za watu ziangukie Desemba si dhambi. Ila kupanga wakati hakumpi ruhusa ya kuondoa malipo.

CHA KUFANYA KABLA YA DESEMBA

1. Hesabu siku zako. Chukua daftari la mtoto, andika tarehe uliyoanza kazi, miezi uliyofanya, siku za konje ulizokwisha kuchukua. Andika pia kila mshahara uliopokea.

2. Uliza mapema, kwa heshima. Usisubiri tarehe 30 Novemba. Unaweza kusema hivi: "Ba bosi, naomba kuelewa. Ziwa likifungwa, nitakuwa kwenye likizo yangu ya mwaka, au mmenipumzisha ninyi? Siku zangu zikiisha, mshahara utakuwaje?" Hakuna matusi hapo. Bosi mwema atajibu.

3. Omba maandishi. Hata karatasi moja yenye tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, aina ya likizo na malipo, inatosha.

4. Usitie sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Kama ni ya Kiingereza, sema utaileta kesho, umpe mwalimu au kijana wa sekondari aisome.

5. Ukipewa fedha kidogo "ya sabuni", uliza kama ni mshahara au ni deni. Wengine walirudi Machi wakakuta miezi miwili ya kufanya kazi bure ili kulipa deni la Januari.

6. Mkishindwana, anza na kiongozi wako wa sehemu, kisha ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi hapa kambini. Mwenye mamlaka juu ya mambo ya kazi ni afisa wa kazi wa serikali. Yeye anaweza kumwita bosi na kuwasikiliza wote wawili. Usikae nalo moyoni mpaka mwaka upite, maana mahakama ya mambo ya kazi ina muda wake, siku 90, na ukichelewa mlango unafungwa.

Kuna wanaonyamaza kwa kuogopa, maana hawana kibali cha ajira au karatasi ya kutoka kambini imeisha muda. Woga huo tunauelewa. Lakini kunyamaza hakutengenezi karatasi. Sheria ya Wakimbizi, Na. 1 ya mwaka 2017, inatambua njia ya mkimbizi kuomba kibali. Ulizeni habari zake ofisini wakati mambo yametulia, si siku ya ugomvi.

NENO KWA WENYE BIASHARA

Kambini mwetu pia kuna mabosi. Yule mama mwenye mgahawa na msichana wa kumsaidia, yule baba mwenye duka na kijana wa kubeba mizigo: nanyi mnahusika. Tunajua hata ninyi Desemba ni ngumu. Njia iko: toeni konje ya mwaka mwezi wa Desemba, ilipwe kamili. Kazi ya kutengeneza, kupaka rangi na kuhesabu mali ifanyike Januari, ilipwe kama kazi. Kila mwezi wa samaki wengi wekeni akiba kidogo ya mshahara wa Februari. Anayefanya hivyo, Machi anafungua na watu wale wale wanaojua kazi, na anayewafukuza bila kitu anaanza kufundisha wageni upya.

Na sisi wafanyakazi, konje ikilipwa tuitumie vizuri. Mvua inanyesha, shamba linangoja, mihogo na mahindi havina muda wa kufungwa. Baba aliyekuwa analala ziwani sasa ana majuma manne ya kuwa nyumbani na watoto wake. Hilo nalo ni sehemu ya sababu sheria iliweka siku hizo.

Basi kila nyumba ijibu maswali haya matatu kabla mtumbwi haujapandishwa ufukweni: Nina siku ngapi? Likizo hii ni ipi? Inalipwa vipi? Mkiwa na jibu la maandishi, Desemba itawakuta mmejipanga.

Mwenye swali alilete kwa mwakilishi wa gazeti hili katika sehemu yake. Tutalijibu bila kutaja jina.